Carlos Alcaraz kabla ya kuwa nambari moja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaouliza maswali haya walimwona Carlos Alcaraz, mcheza tenisi wa Hispania, kwa mara ya kwanza Septemba 2022, alipotwaa ubingwa wa US Open, akiwa amelala chali kwenye uwanja wa New York, kajiziba uso kwa viganja. Ndiyo maana karibu kila swali huja na neno "ghafla". Ghafla katokea, ghafla kawa wa kwanza duniani. Mimi neno hilo linanikera kidogo. Kijana huyu alikuwa akionekana miaka mitatu kabla, ila kwenye viwanja ambavyo hakuna televisheni ya kwetu iliyokuwa ikivionyesha. Majibu yafuatayo yanahusu miaka yake ya mwanzo tu, hadi mwisho wa 2022.

Anatoka wapi hasa?

El Palmar, kitongoji cha Murcia, kusini-mashariki mwa Hispania. Alizaliwa tarehe 5 Mei 2003. Mwezi uliofuata, Mhispania mwingine, Juan Carlos Ferrero, alitwaa ubingwa wa Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, na ilipofika Septemba mwaka huohuo akawa nambari moja duniani. Jina hilo liwekeni kiporo, tutalihitaji.

Ni kweli kwamba baba yake alikuwa mchezaji?

Alikuwa, na mzuri tu, miongoni mwa vijana waliotajwa Hispania enzi zake. Kilichomkwamisha ni fedha. Tenisi ya kulipwa haina klabu inayokulipa mshahara ukiwa bado hujulikani. Nauli ni yako, hoteli ni yako, kocha unamlipa wewe, na ukitolewa raundi ya kwanza unarudi nyumbani na deni. Mzee akaachana na ndoto hiyo, akabaki kufundisha na kusimamia shule ya tenisi kwenye klabu ya El Palmar, klabu ambayo ilianza kama ya wawindaji na ambayo babu wa Carlos alikuwa na mkono katika kuiletea viwanja vya tenisi.

Kwa hiyo mtoto alipewa raketi akiwa na miaka minne hivi, mahali ambapo baba ndiye mwalimu na babu ni mwenyeji. Ni wanaume wanne kwa kuzaliwa, yeye wa pili, na wote wameshika raketi.

Nani alilipia safari zake za utotoni?

Hapa historia ya baba ilikaribia kujirudia. Carlos alipofika miaka kumi alipata nafasi ya kwenda kucheza Kroatia, na nyumbani uwezo ulikuwa mdogo. Mfanyabiashara mmoja wa hukohuko Murcia, mwenye kampuni ya vitindamlo, ndiye aliyetoa fedha za safari hiyo na nyingine zilizofuata. Huwa nalitaja jambo hili kila mtu anapoanza kuzungumzia kipaji. Baba naye alikuwa na kipaji. Tofauti ya vizazi viwili ni mtu mmoja aliyekubali kufungua pochi.

Ferrero aliingia lini kama kocha wake?

Mwaka 2018, Carlos akiwa na miaka 15. Ferrero alikuwa ametoka kuachana na Alexander Zverev, ambaye tayari alikuwa miongoni mwa wachezaji watano bora duniani, na angeweza kutafuta jina jingine kubwa. Badala yake akamchukua mtoto ambaye hata ndevu hazijaota. Chuo chake cha tenisi kiko Villena, mkoa wa Alicante, kama saa moja hivi kwa gari kutoka El Palmar. Kijana alikuwa akilala chuoni na mwisho wa wiki anarudi kwao.

Walioshuhudia mazoezi hayo husifia mapigo, lakini nadhani mchango mkubwa wa Ferrero ulikuwa kalenda, yaani kujua wiki gani kijana acheze, wapi, na lini apumzike. Mtu aliyewahi kuwa nambari moja anajua njia ya kufika huko ina mashimo wapi.

Mechi ipi ilionyesha mapema kwamba si wa kawaida?

Aprili 2019, hapohapo Villena. Chuo cha Ferrero kiliandaa mashindano ya Challenger, na Carlos akapewa nafasi ya mwaliko. Alikuwa hajatimiza miaka 16. Raundi ya kwanza akapangiwa kijana wa Kiitaliano wa miaka 17, mwembamba, nywele nyekundu, akamfunga 6-2, 3-6, 6-3. Yule Mwitaliano alikuwa Jannik Sinner, ambaye baadaye angekuwa mpinzani wake mkubwa.

Waliokuwepo uwanjani siku ile walikuwa wachache. Leo ukiwasikiliza wanaodai walikuwepo, utadhani Villena ina uwanja wa kuchukua watu elfu sitini.

Challenger ni nini?

Ni daraja la chini ya mashindano makubwa ya ATP, chama kinachoendesha tenisi ya kulipwa ya wanaume. Ukianzia chini kabisa kuna mashindano ya ITF, shirikisho la tenisi la kimataifa, unapanda Challenger, kisha ATP 250, 500, Masters 1000, na juu kabisa Grand Slam nne, yaani Australian Open, Roland Garros, Wimbledon na US Open. Tarakimu hizo ni pointi anazopata bingwa; bingwa wa Grand Slam hupata 2,000. Pointi hukaa wiki 52 kisha zinafutika, kwa hiyo ukifanya vizuri mwaka huu, mwakani wiki ileile unalazimika kuzitetea. Ndiyo sababu mchezaji anaweza kushinda mechi na bado akashuka.

Mechi yake ya kwanza ya ATP ilikuwaje?

Rio de Janeiro, Februari 2020, tena kwa nafasi ya mwaliko. Alikuwa na miaka 16, nafasi yake duniani ilikuwa ya mia nne na kitu, na mpinzani wake Albert Ramos-Viñolas alikuwa miongoni mwa 50 bora na bingwa wa kukimbia kwenye viwanja vya udongo. Mechi ilichukua saa 3 na dakika 37 na kumalizika karibu saa tisa usiku kwa saa za Brazili. Carlos alishinda kwa seti tatu, ya kwanza na ya mwisho zikiamuliwa kwa taibreki, yaani gemu maalumu ya kuamua seti inapofika 6-6. Raundi iliyofuata akatolewa.

Wiki chache baadaye ugonjwa wa korona ukasimamisha tenisi yote duniani.

Je, korona ilimrudisha nyuma?

Sidhani. Mashindano yalisimama kuanzia Machi hadi Agosti 2020, na yaliporudi, kijana alikuwa na mwili mpya. Mwaka huohuo alitwaa Challenger tatu: Trieste nchini Italia, Barcelona, na Alicante. Mwaka ulipoisha alikuwa ameingia 150 bora.

Mwaka 2021 alifanya nini?

Alipanda ngazi moja moja, na kila ngazi alianguka kwanza kabla ya kusimama. Januari alipita mchujo wa Australian Open, uliofanyika Doha kwa sababu ya masharti ya korona, akashinda mechi moja Melbourne kisha akatolewa raundi ya pili. Mei akaingia 100 bora. Roland Garros alipita mchujo tena na kufika raundi ya tatu. Wimbledon, kwenye nyasi, alifungwa na Daniil Medvedev, akajifunza. Julai, huko Umag nchini Kroatia, akatwaa taji lake la kwanza la ATP kwa kumfunga Richard Gasquet 6-2, 6-2. Tangu Kei Nishikori mwaka 2008 hakuna kijana wa umri wake aliyekuwa ametwaa taji la ATP.

Halafu ikaja US Open, New York. Raundi ya tatu alikutana na Stefanos Tsitsipas, nambari tatu duniani. Seti ya nne Carlos alifungwa 0-6, na mtu yeyote mwenye akili timamu angesema basi, mtoto kachoka. Akarudi akashinda seti ya tano kwa taibreki. Alifika robo fainali, akajitoa katikati ya mechi na Félix Auger-Aliassime kwa maumivu ya mguu. Hakuna mwanaume mdogo kwa umri aliyefika robo fainali ya Grand Slam tangu Michael Chang mwaka 1990.

Novemba alikwenda Milan kwenye fainali za vijana wa ATP akashinda mechi zote tano. Alifunga mwaka akiwa wa 32.

Ni kweli Nadal alimpa kichapo siku ya kuzaliwa?

Kweli. Madrid, 5 Mei 2021, Carlos anatimiza miaka 18, na zawadi aliyopewa na Rafael Nadal, gwiji wa Hispania kwenye viwanja vya udongo, ilikuwa kufungwa 6-1, 6-2. Baada ya mechi akaletewa keki uwanjani.

Mwaka uliofuata, Madrid ileile, 6 Mei 2022, yaani siku moja baada ya kutimiza miaka 19, walikutana robo fainali. Carlos alianguka akaumia kifundo cha mguu, akafungwa seti ya pili 1-6, na wengi tulishaanza kumtafutia visingizio. Akashinda ya tatu 6-3. Kesho yake akamfunga Novak Djokovic, nambari moja wa wakati huo, kwa seti tatu, ya mwisho kwa taibreki. Kabla yake hakuna aliyewahi kuwafunga hao wawili katika mashindano mamoja ya udongo, sembuse kwa siku mbili mfululizo. Fainali dhidi ya Zverev ilikuwa 6-3, 6-1, na Zverev alionekana kama mtu aliyefika harusini wali ukiwa umeisha.

Kabla ya Madrid alishashinda nini mwaka huo?

Rio mwezi Februari, uwanja uleule alioanzia miaka miwili nyuma, akawa kijana mdogo kuliko wote kutwaa taji la ATP 500. Miami mwezi Aprili, Masters 1000 yake ya kwanza, dhidi ya Casper Ruud. Barcelona baada ya hapo. Kati ya Rio na Miami alifungwa na Nadal nusu fainali ya Indian Wells, siku ambayo upepo ulikuwa ukipeperusha mipira, viti na hata hesabu za wachezaji.

Uwanjani ana nini ambacho wengine hawana?

Kasi ya miguu na nguvu za mkono wa mbele watu wanaziona wenyewe. Mimi nitaeleza mpira wa kudondosha, kwa sababu ndipo akili yake ilipo.

Mchezaji wa siku hizi husimama mbali nyuma ya mstari, maana mipira inakuja kwa kasi mno. Carlos anamsukuma nyuma zaidi kwa mapigo mawili matatu mazito ya mkono wa mbele. Pigo la nne anajiandaa vilevile: mabega yamegeuka, raketi imekwenda nyuma, uso umekunjamana kana kwamba anakwenda kuupasua mpira. Mpinzani anarudi nyuma hatua moja zaidi. Hapo mkono unalegea, raketi inapita chini ya mpira kama mtu anayekata siagi, na mpira unadondoka hatua mbili tu baada ya wavu. Mpinzani akikimbia na kuufikia, anamkuta Carlos kashasogea mbele, anamsubiri. Akipuuzia, pointi imekwenda.

Wachezaji wengi wanalijua pigo hilo. Wachache hulithubutu seti ya tano, pointi ikiwa ya kufa na kupona, kwa sababu likikosea kidogo unaonekana mjinga mbele ya dunia nzima. Yeye analipiga hapohapo. Mara nyingine anakosea, na anacheka.

Hizo "C tatu" za babu yake ni nini?

Kwa Kihispania ni cabeza, corazón, cojones. La kwanza kichwa, la pili moyo. La tatu ni kiungo ambacho wanaume wa Kihispania hukitaja wakimaanisha ujasiri, nasi mbele ya wakwe tutaliita ujasiri. Babu alimwambia kwamba mechi zinahitaji vyote vitatu, na Carlos amelirudia neno hilo mara nyingi mbele ya waandishi.

Ilikuwaje usiku ule wa Sinner, US Open 2022?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na sina haraka nalo.

Kwanza ujue alifika pale akiwa hana majira mazuri. Wimbledon alikuwa amefungwa na Sinner huyuhuyu. Hamburg alipoteza fainali kwa Lorenzo Musetti, Umag akapoteza fainali kwa Sinner tena, Montreal akatoka mechi ya kwanza. Watu walishaanza kusema moto wa mabua umezimika. New York, raundi ya nne, alihitaji seti tano kumtoa Marin Čilić, mechi iliyomalizika saa nane na dakika 23 usiku.

Siku mbili baadaye, robo fainali. Walianza usiku, na hadi seti ya tatu inaisha Sinner alikuwa mbele seti mbili kwa moja. Taibreki ya seti ya tatu Carlos alifungwa bila kupata pointi hata moja. Seti ya nne Sinner akafika 5-4 huku akianzisha mpira yeye, akapata pointi ya kumaliza mechi. Pointi moja tu, Carlos anapanda ndege kurudi Murcia. Akaiokoa, akamnyang'anya Sinner gemu ile, akachukua seti 7-5. Seti ya tano alikuwa nyuma tena kabla ya kugeuza na kushinda 6-3.

Saa 5 na dakika 15. Ilimalizika saa tisa kasoro dakika kumi usiku, na hakuna mechi ya US Open iliyowahi kuisha usiku mkubwa zaidi ya hapo. Kwa sisi wa Afrika Mashariki ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, siku ya kazi. Niliitazama seti ya tano kwenye simu niliyoiegemeza kwenye kikombe cha chai, na barua niliyotakiwa kuiandika asubuhi ile iliandikwa mchana.

Nusu fainali akacheza seti tano nyingine na Frances Tiafoe. Fainali akamfunga Casper Ruud 6-4, 2-6, 7-6, 6-3. Kwa jumla alikaa uwanjani zaidi ya saa 23 katika mashindano yale.

Alikuwa na umri gani alipokuwa nambari moja?

Miaka 19 na miezi minne. Hakuna mwanaume aliyefika pale akiwa mdogo zaidi tangu orodha ya ubora inayokokotolewa kwa kompyuta ianze mwaka 1973. Rekodi ya awali ilikuwa ya Lleyton Hewitt, aliyekuwa na miaka 20. Fainali ile ilikuwa ya mambo mawili kwa pamoja: Ruud naye angeshinda, yeye ndiye angekuwa wa kwanza.

Na yule Ferrero? Alikuwa pembeni ya uwanja, katika mji uleule alikofikia nambari moja miaka 19 kabla.

Si alibahatika tu? Djokovic hakuwepo.

Swali la haki. Djokovic hakucheza New York mwaka ule kwa sababu hakuwa amechanjwa korona na Marekani haikumruhusu kuingia. Miezi miwili kabla alitwaa Wimbledon lakini hakupata pointi, kwa kuwa Wimbledon iliwazuia Warusi na Wabelarusi na mamlaka za tenisi zikaamua mashindano yale yasitoe pointi kwa yeyote. Zverev naye alikuwa majeruhi. Kwa hiyo ndiyo, kiti cha nambari moja kilikuwa wazi kuliko kawaida, na anayekataa hilo ni shabiki tu.

Lakini kiti kilikuwa wazi kwa wote. Medvedev, Nadal, Tsitsipas na Ruud wote walikuwa na nafasi ya kukikalia wiki zile. Na Djokovic huyo alishafungwa Madrid mwezi Mei, akiwa mzima na anacheza vizuri. Ukiniuliza mimi, bahati ilimpa nambari moja miezi michache kabla ya wakati wake. Kombe lenyewe alilifanyia kazi hadi usiku wa manane, mara mbili.

Alilipwa kiasi gani?

Bingwa wa US Open 2022 alipata dola milioni 2.6 za Kimarekani, kabla ya kodi.

Majeraha yalianza lini?

Mapema. Mguu New York 2021, kifundo Madrid 2022, kisha Novemba 2022 msuli wa tumbo uliomfanya ajitoe Paris na kukosa fainali za ATP za mwisho wa mwaka. Alipokuwa akijiandaa kwa Australian Open 2023 akaumia mguu wa kulia, akaikosa pia. Mchezo wa kukimbilia kila mpira una gharama yake, na mwili wa miaka 19 ulikuwa bado unakomaa.

Njia kama yake inawezekana kwa mtoto wa Afrika Mashariki?

Tazama mwaka uleule, 2022. Angella Okutoyi wa Kenya, aliyelelewa na bibi yake Nairobi na kupita kituo cha mazoezi cha Bujumbura, alitwaa ubingwa wa Wimbledon wa wasichana wawili wawili akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Kabla yake hakuna Mkenya aliyewahi kushinda taji la Grand Slam la daraja lolote. Baadaye akachukua njia ya chuo kikuu, Auburn nchini Marekani, ambako masomo na mazoezi vinalipiwa.

Umri wake na wa Carlos umepishana miezi tisa isiyotimia. Tofauti iko kwenye ramani. Carlos aliweza kucheza Challenger za Alicante na Barcelona na kulala karibu na nyumbani, na chuo cha kocha wake ndicho kilichoandaa mashindano yaliyompa mwaliko. Mtoto wa Nairobi au Dar es Salaam hupanda ndege kwa kila pointi anayoitafuta.

Nikitaka kutazama mechi moja tu ya miaka hiyo, ipi?

Wote watakwambia Sinner, New York. Ukiwa na saa tano, sawa. Ukiwa na saa mbili na nusu, tafuta robo fainali ya Madrid 2022 dhidi ya Nadal na uanze pale anapoanguka seti ya pili. Angalia anavyokaa kwenye kiti wakati daktari anamfunga kifundo, halafu angalia gemu ya kwanza ya seti ya tatu.